Jiwe Jekundu Lililokataa Sumaku

Mpwa wangu aliokota spika ya redio iliyokufa, akaibomoa kwa jiwe, akachomoa ile duara nzito nyeusi iliyo nyuma yake. Nadhani kila mtoto aliyekulia huku kwetu Upareni amewahi kuishika: sumaku. Akaifunga uzi, akaiburuta uani kama anayeburuta gari la kopo, na alipoinyanyua ilikuwa imeota ndevu. Vinywele vyeusi vimesimama wima. Ukivilaza kwa kidole, vinainuka tena.

“Mjomba, hiki nini?”

“Chuma.”

“Nani kakimwaga?”

Nikamwambia hakuna aliyekimwaga, kimeshuka mlimani na maji ya mvua. Hakusema kitu. Alikwenda hadi kwenye korongo nyuma ya nyumba, akarudi na jiwe jekundu, dogo lakini zito, lile ambalo ukilisugua kiganjani linakuachia rangi kama ya damu iliyokauka. Akaligusisha sumaku. Akaligeuza upande wa pili, akaligusisha tena. Wapi!

“Mwalimu alisema mawe yanakuwa mekundu kwa sababu yana chuma. Sasa mbona hili sumaku hailitaki?”

Wanangu mnaosoma hapa, swali hilo limewakosesha usingizi watu wazima wenye vinu virefu kama maghorofa. Milima mizima imeachwa bila kuguswa kwa sababu ya swali hilo. Na jibu mojawapo wanalolifanyia kazi sasa limo ndani ya chombo ambacho watu wa mjini wanapashia viporo. Sogeeni niwasimulie kama nilivyomsimulia yeye, jioni ile, tukiwa tumekaa juu ya kinu kilicholazwa.

Chuma hakipendi kukaa peke yake. Acha jembe nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi utaona limeanza kuota kutu. Kutu ni chuma kilichoshikana na oksijeni, iliyomo katika hewa tunayoivuta. Ardhini, karibu chuma chote kiko hivyo: kimeshikana na oksijeni tangu zamani sana, kabla hajakuwapo mtu wa kukitafuta. Lakini hakishikani kwa namna moja. Namna mbili ndizo za kukumbuka.

Ya kwanza ni hematiti. Humo, kila atomi mbili za chuma zimeshika atomi tatu za oksijeni. Ukiisaga inatoa unga mwekundu. Ya pili ni magnetiti: atomi tatu za chuma kwa nne za oksijeni. Hiyo ni nyeusi, na ndiyo iliyoota ndevu kwenye sumaku ya mpwa wangu. Ukiwa na kilo 100 za hematiti safi, chuma kilichomo ni kilo 70. Ukiwa na kilo 100 za magnetiti safi, ni kilo 72 hivi. Tofauti ndogo mno! Basi kwa nini moja inarukia sumaku na nyingine inakaa kimya?

Fikirini mchezo wa kuvuta kamba. Kila atomi ya chuma ni kama mtoto mmoja mwenye nguvu ya kuvuta. Katika hematiti, timu mbili zina watoto sawa na zinavuta kila moja upande wake. Kamba haisogei, na mtu akiangalia kwa mbali atadhani hakuna anayevuta. Katika magnetiti, timu moja imezidi, kwa hiyo kamba inakwenda. Nguvu inayobaki baada ya kuvutana ndiyo inayoishika sumaku. Jiwe jekundu lina nguvu tele. Ila imejifuta yenyewe kwa yenyewe.

Babu zetu walilijua hili kwa mikono. Wapare waliyeyusha chuma kutoka kwenye mchanga mweusi wa mito, ule ule wa ndevu za sumaku, na ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi. Majembe na mikuki ilivuka kwenda hadi kwa Wachagga. Mto ulikuwa umewafanyia nusu ya kazi: umesaga mlima, umechukua mchanga mwepesi ukaenda nao mbali, umeacha mweusi ulio mzito kwenye mikunjo ya kingo. Kule Kagera nako Wahaya walikuwa mafundi wakubwa. Wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuru upya katika miaka ya 1970 mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, na utafiti wao uliotoka mwaka 1978 ulionyesha kwamba huko kulitengenezwa chuma cha pua cha kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Nawaambia haya ili msije mkadhani hadithi ya chuma inaanzia ng’ambo. Ila kipande cha leo, kweli, kinanipeleka ng’ambo.

Kuna safu ya vilima kaskazini mwa Marekani, katika jimbo la Minnesota, inayoitwa Mesabi. Jina hilo limetoka kwa Waojibwe, wenyeji wa nchi ile, na maana yake ni jitu kubwa. Mwaka 1890 ndugu wa familia ya Merritt waligundua kwamba chini ya misitu ile kuna mbale ya chuma, yaani mawe na udongo wenye chuma, laini, nyekundu, tajiri, ya kuchota kwa koleo la mashine kama unavyochota mahindi ghalani. Ikachotwa. Ikaja vita kuu ya kwanza, ikachotwa. Ikaja ya pili, ikachotwa mchana na usiku, ikawa vifaru na meli. Mbale tajiri ikaanza kwisha.

Kilichobaki kilikuwa jiwe linaloitwa takonaiti. Katika kilo 100 za takonaiti, chuma ni kilo 25 hadi 30 tu. Zinazobaki ni hasa kwatsi, jiwe gumu linalofanana na kioo. Na vitu hivyo viwili havikukaa kando kando kama mchele na maharage sahanini. Vimechanganyika punje kwa punje, na punje zenyewe ni ndogo kuliko chembe ya chumvi.

Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Edward Wilson Davis, alianza kulishughulikia jiwe hili katika miaka ya 1910. Watu walimwambia anapoteza muda. Yeye aliona hivi: ikiwa chuma kilichomo ni magnetiti, basi saga jiwe lote liwe unga, pitisha unga kwenye sumaku, nyeusi itashikwa, kwatsi itaanguka. Kusema ni rahisi. Jiwe lilikuwa gumu kiasi kwamba makali ya keekee yaliisha upesi, hata wakabuni namna ya kulitoboa kwa mwali wa moto wa mafuta na oksijeni. Moto ulilipasua pale ambapo chuma kilishindwa. Shikeni hilo la moto kupasua jiwe, nitalirudia.

Ilipita miaka zaidi ya 40. Mwaka 1955 kiwanda kikubwa kilianza kazi mahali paitwapo Silver Bay, kando ya Ziwa Superior, na kikapewa jina la Davis. Jiwe liliingia, likasagwa na karasha, likapita kwenye vinu vya mapipa yanayozunguka yakiwa na vyuma ndani, likatoka unga. Sumaku zikachagua. Unga mweusi ukafinyangwa kuwa vitufe vidogo kama golori, vikachomwa vikawa vigumu, na sasa kila kilo 100 za vitufe zilikuwa na chuma kilo 65 hivi. Jiwe maskini limetajirika. Nampenda sana Davis kwa ule ukaidi wake.

Lakini siwezi kuwaficha upande wa pili. Ukisaga tani tatu upate tani moja, mbili zinakwenda wapi? Wachimbaji wetu wa dhahabu mabaki kama hayo wanayaita marudio. Marudio ya Silver Bay yalimwagwa ziwani, tani 67,000 kila siku. Mwaka 1973 ilibainika kwamba maji ya kunywa ya mji wa Duluth, unaochota ziwa lile lile, yalikuwa na nyuzi ndogo zinazofanana na asbesto. Kesi ikaunguruma miaka mingi, na umwagaji ukakoma mwaka 1980. Kila tani ya mawe inayosagwa ni lazima iwe na mahali pa kulala. Mtu anayewaambia habari za mgodi bila kuwaambia marudio yanalala wapi, hajamaliza kusema.

Jambo la pili: mashine ya Davis ilikula nyeusi peke yake. Sehemu ya takonaiti ilikuwa imeota kutu zamani za kale, magnetiti yake ikawa hematiti. Hiyo sumaku haikuishika. Ikaachwa. Na mawe mekundu ya namna hiyo, yenye hematiti iliyofumwa na kwatsi tabaka kwa tabaka, yamejaa duniani. Huko Odisha na Jharkhand nchini India ni milima na milima.

“Kama jiwe langu,” mpwa wangu akasema.

“Kama jiwe lako.”

Hapo nikamwomba akalete karanga.

Karanga mbichi ina ganda lake jembamba, lile jekundu. Jaribu kulimenya kwa kucha: utaichubua karanga, utapoteza subira, na mwisho utakula ukiwa na ganda. Lakini ikaange kidogo. Karanga na ganda havitanuki sawa wala havikauki sawa. Ganda linaachia. Sugua kwa viganja, weka kwenye ungo, pepeta. Maganda yanaruka, karanga zinabaki. Mama zetu hawasagi karanga ili kutoa ganda. Wanatumia joto kuvigombanisha vitu viwili vilivyokuwa vimekumbatiana, halafu upepo unamalizia.

Mawe nayo yana karanga na ganda. Kinu huvunja jiwe ovyo, kinapasua katikati ya kwatsi na katikati ya chuma bila kubagua, na umeme mwingi unapotea kwa kelele na joto. Ingekuwa kuna namna ya kukaanga jiwe ili punje ya chuma na punje ya kwatsi ziachiane zenyewe pale pale zinapogusana! Ukiliweka jiwe motoni, lakini, joto linaingia kutoka nje polepole. Chuma kinapata moto, kwatsi inapata moto, vyote pamoja. Mnahitaji moto unaochagua nani achomwe na nani aachwe.

Moto huo ulipatikana kwa sababu ya vita na pipi.

Mwaka 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, wanasayansi John Randall na Harry Boot walitengeneza magnetroni ya aina mpya, kifaa cha shaba kinachotoa mawimbi mafupi yenye nguvu. Kilitakiwa kwa rada, kuziona ndege za adui gizani. Mawimbi hayo, tunayaita maikrowevu, ni ndugu wa mwanga na wa mawimbi ya redio. Macho yetu tu hayayaoni.

Huko Marekani kulikuwa na fundi aliyeitwa Percy Spencer. Alifiwa na baba akiwa mchanga, akaacha shule mapema akaenda kufanya kazi kiwandani, na elimu yake ya umeme alijifundisha mwenyewe kwa vitabu. Mwaka 1945 alikuwa amesimama karibu na magnetroni inayofanya kazi, akahisi pipi mfukoni mwake imeyeyuka. Wengine wangefua suruali wakasahau. Spencer aliagiza mahindi, akayaweka mbele ya kifaa, yakawa bisi. Akajaribu na yai. Yai likapasuka. Miaka miwili baadaye tanuri la kwanza la maikrowevu likauzwa, refu kama mtu, zito zaidi ya kilo 300.

Mtazameni lile yai. Moto wa jikoni ungelianza nje: ganda, kisha ute, kisha kiini. Mawimbi yalipita ganda kana kwamba halipo, yakapasha majimaji ndani. Mvuke ukakosa pa kutokea. Ndiyo tabia ya mawimbi haya: yana wanaowajali na wasiowajali. Umeme wake unayumba mbele na nyuma mara bilioni 2.45 kila sekunde, na chembe za maji, zenye upande chanya na upande hasi, zinajaribu kuufuata, zinageukageuka, zinasuguana, zinapata joto. Sahani kavu ya udongo haina cha kugeuza. Ndiyo maana wali unaunguza ulimi na sahani imepoa, na sahani ikiwa ya moto mara nyingi ni wali ulioipasha.

Sasa mtu akajiuliza: jiwe je? Nani ndani yake ni wali, na nani ni sahani?

Katika miaka ya 1980 watafiti wa Ofisi ya Migodi ya Marekani, huko Reno, Nevada, walichukua madini moja moja, wakayaweka kwenye tanuri la kilowati moja, nguvu inayokaribiana na ya tanuri la nyumbani, wakapima. Kwatsi, baada ya dakika 7 nzima, ilifika nyuzi 79 tu. Haijafika hata kuchemsha maji ya chai. Hematiti, dakika 7, nyuzi 182. Magnetiti, haikufika hata dakika 3, ilikuwa imepita nyuzi 1,250. Na unga wa kaboni, yaani ndugu wa mkaa, ulipita nyuzi 1,280 katika dakika moja.

Nilipozisoma namba hizi mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Kwatsi ni sahani! Magnetiti ni wali! Jiwe moja, tanuri moja, na ndani yake punje nyeusi inawaka ilhali jirani yake anayegusana naye hana habari. Punje inayopata moto inatanuka. Jirani baridi hatanuki. Inamsukuma, anakataa, na ufa unapita pale pale kwenye mpaka wao. Ukilipeleka jiwe hilo kinuni sasa, linaachia kama karanga iliyokaangwa. Watafiti wa Reno walilijaribu kwa takonaiti, na kazi ya kuisaga ikapungua kwa asilimia 10 hadi 24.

Kuna mawe mengine ambayo hupasuka kama yai la Spencer hasa. Gethaiti, ile mbale ya rangi ya haradali, imefungia maji ndani ya umbo lake. Ikifika nyuzi 300 hivi maji hayo yanatoka kama mvuke, nayo inabaki hematiti yenye vitundu kama mkate.

“Lakini langu jekundu,” mpwa wangu akanikatiza. “Umesema hematiti inapata nyuzi 182 tu. Na sumaku bado haitalitaka.”

Ana masikio, mtoto yule.

Basi turudi kwenye hesabu. Chukua hematiti tatu. Kila moja ina chuma mbili na oksijeni tatu. Jumla chuma sita, oksijeni tisa. Chukua magnetiti mbili. Kila moja ina chuma tatu na oksijeni nne. Jumla chuma sita, oksijeni nane. Ziangalieni tena: chuma ni sita kwa sita. Kati ya jiwe linalokataa sumaku na jiwe linaloirukia kuna oksijeni moja tu kati ya tisa. Iondoe hiyo moja, jekundu linakuwa jeusi, timu moja ya kamba inazidi, na sumaku inashika.

Na mwizi wa oksijeni tunaye jikoni: mkaa. Kaboni ikiwa moto inaitamani oksijeni kuliko chuma kinavyoing’ang’ania. Saga jiwe jekundu, changanya na unga wa mkaa kidogo, pasha hadi nyuzi 500, 600, 700. Mkaa unachukua oksijeni, unaondoka nayo kama gesi. Wataalamu wamekuwa wakifanya hivyo kwa matanuru ya kawaida miaka mingi. Tatizo ni lile lile la moto wa nje: upande wa nje unaungua wakati wa ndani bado ni mbichi, na kuni au gesi nyingi inakwenda kupasha kwatsi isiyohusika.

Weka mchanganyiko huo mbele ya maikrowevu. Hematiti ni mvivu wa kupata moto, kweli, lakini mkaa uliochanganywa nayo unawaka kwa dakika moja, na kila chembe yake inakuwa jiko dogo lililokaa ubavuni mwa punje nyekundu. Punje ya kwanza inageuka magnetiti. Na magnetiti, mnakumbuka, ni wali. Sasa nayo inakamata mawimbi, inapasha jirani, jirani anageuka, anapasha mwingine. Wekundu unaliwa kutoka ndani. Baada ya hapo poza, saga, pitisha sumaku, na jiwe ambalo Davis angeliacha linaingia kinuni.

Nisiwadanganye kwamba ni rahisi. Ule moto unaojiongezea ukiuacha unakimbia. Sehemu moja ya mzigo inaweza kuyeyuka huku ya pembeni bado haijapata joto la kutosha. Na ukiondoa oksijeni nyingi mno, hadi ibaki moja kwa kila chuma, unapata kitu kingine ambacho sumaku haikishiki tena, na ambacho hujigandisha na kwatsi kama ukoko wa ubwabwa kwenye sufuria. Kwa hiyo mpishi wa jiwe jekundu anatakiwa asimamie mahali pembamba sana, kati ya bichi na iliyoungua. Mtu aliyepika wali kwa mkaa anaelewa.

Kuna pia habari ya kina. Mawimbi haya yakikutana na kitu kinachoyapenda yanamezwa upesi, hayafiki mbali. Kwenye kikombe cha unga si neno. Kwenye rundo kubwa kama trekta ni neno zito. Viwandani hutumia mawimbi marefu zaidi, kama sentimita 33 badala ya 12 za tanuri la nyumbani, ili yazame, na mzigo unapitishwa kidogo kidogo kwenye mkanda au bomba.

Kisha bili ya umeme. Wale wa Reno walikiri wenyewe kwamba umeme walioutumia kupasha takonaiti ulizidi ule waliouokoa kwenye kinu. Hilo lingeweza kuwa mwisho wa hadithi, na kwa miaka kadhaa watu wengi walidhani ndio mwisho. Huko Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, Sam Kingman na wenzake walilitazama kwa jicho lingine. Ukipasha polepole, walisema, punje yenye moto inamgawia jirani joto, vyote vinatanuka pamoja, ufa hautokei na umeme umepotea. Piga kwa nguvu kubwa kwa muda mfupi. Walijenga mtambo ambao mawe yanaanguka ndani ya bomba lililosimama, yanapita mbele ya mawimbi kufumba na kufumbua, hadi tani 150 kwa saa. Jiwe linatoka na uvuguvugu tu, lakini ndani limeshapasuka. Walilifanya hilo kwa mbale ya shaba. Chuma kina punje ndogo zaidi na kiasi kikubwa zaidi, na bei yake kwa tani ni ndogo mno ukilinganisha na shaba, kwa hiyo kila senti ya umeme inahesabiwa.

Chuo hicho hicho kimeshirikiana na kampuni ya Rio Tinto kwenye jambo linalokwenda mbele zaidi. Mbale ya Pilbara, magharibi mwa Australia, si maskini kama takonaiti, ila ina gethaiti nyingi. Waliichanganya na mabaki ya mashambani kama mabua ya ngano, wakaifinyanga, wakaipasha kwa maikrowevu, na hawakuishia kuondoa oksijeni moja kati ya tisa. Waliziondoa karibu zote, hadi kikabaki chuma chenyewe. Walijaribu kwenye mtambo mdogo Ujerumani, na mwaka 2024 kampuni ikatangaza dola milioni 143 za Marekani kwa kituo cha utafiti huko Rockingham, kusini mwa Perth. Shabaha ilikuwa kuachana na makaa ya mawe. Viwanda vya chuma duniani hutoa asilimia 7 hadi 9 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za watu, na sehemu kubwa inatoka kwenye makaa yanayotumika kunyang’anya chuma oksijeni. Mabua yanaota tena mwakani. Makaa ya mawe hayaoti.

Mtaniuliza habari za Liganga, kule Ludewa. Chuma cha Liganga ni magnetiti, sumaku inakipenda tayari. Shida yake ni titani, metali nyingine iliyofumwa ndani ya punje zile zile. Hiyo ni karanga yenye ganda la aina nyingine, na inastahili jioni yake.

Mpwa wangu alikuwa ameshasimama. “Mama mdogo wa Moshi ana maikrowevu.”

Hapana! Nikamshika mkono kabisa, na ninyi nawashika mkono kutoka hapa. Jiwe lenye maji ndani hupasuka kama yai, ila vipande vyake si ute. Chembe za chuma hutoa cheche. Mkaa unafika nyuzi elfu na zaidi ndani ya chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya viporo. Wanaofanya majaribio haya wana vyumba vya chuma, vipimo na kinga za macho.

Akanuna. Nami simpendi mtoto akinuna kwa sababu ya sayansi, kwa hiyo nikafikiri. Nyuma ya nyumba kuna jiko la zamani la bibi yake, la miti na udongo, ambalo hatulitumii tangu mama yangu alipohamia jiko la matofali. Mafiga yake matatu bado yapo. Chini ya mafiga ni udongo wa hapa hapa, mwekundu kama wa uani, ila umekaliwa na kuni na mkaa kwa miaka isiyopungua 30. Moto, kaboni, wekundu. Nikamwambia achote vijiko vitatu vya udongo wa uani na vijiko vitatu vya chini ya mafiga, auponde wote sawasawa, aukaushe juani, kila mmoja kwenye karatasi yake.

Alifanya kesho yake mchana. Sumaku akaivika mfuko wa nailoni ili ndevu zitoke kirahisi, akaipitisha kwenye karatasi ya kwanza. Vinywele vichache. Akavifuta kwenye kifuniko. Akaipitisha kwenye karatasi ya mafiga, na sumaku ikanyanyuka na ndevu za mzee, nzito, nyeusi, zinaning’inia.

Akakimbia nazo hadi barazani, ameshika uzi kwa mikono miwili ili zisianguke.

“Bibi! Kumbe ulikuwa unatengeneza magnetiti!”

Mama akavaa miwani, akaitazama sumaku, akanitazama mimi.

“Nilikuwa napika makande,” akasema. “Hebu lete niione vizuri.”